Wahafidhina wa Marekani na mambo ya nje: dhana potofu na ukweli wake

Tangu Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alipotia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, wahafidhina wa Marekani, yaani watu wa mrengo wa kulia ambao wengi wao ni wa Chama cha Republican, wamekuwa wakihukumiwa kwa jumla katika mijadala yetu, kana kwamba wote wamenyolewa kwa wembe mmoja. Hukumu nyingi kati ya hizo hazilingani na kumbukumbu za kura zao wala sheria walizozitunga. Kwa kuwa maamuzi yao hugusa dawa zetu, barabara zetu na umeme wetu, kuwaelewa vibaya si kosa dogo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba wahafidhina wana sauti moja kuhusu mambo ya nje. Ukweli ni kwamba wamebishana wao kwa wao kwa miongo mingi. Mwaka 1949 Seneta Robert Taft wa Ohio, ambaye wenzake walimwona kuwa ndiye sura ya Chama cha Republican, aliukataa mkataba wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ilhali Seneta Arthur Vandenberg wa Michigan, wa chama hicho hicho, aliupigania mpaka Seneti ikauridhia kwa kura 82 dhidi ya 13. Mwaka 2003 Patrick Buchanan, mhafidhina asiyetiliwa shaka, aliipinga vita ya Iraki iliyoanzishwa na rais wa Republican. Na Aprili 2024, Bunge la Wawakilishi lilipopitisha msaada wa takriban dola bilioni 61 kwa ajili ya Ukraini, wabunge 101 wa Republican waliunga mkono na 112 wakapinga. Anayetaka serikali yenye matumizi madogo ana sababu ya kuogopa vita vya mbali, na anayeamini kwamba uvamizi usipozuiwa mapema hugharimu zaidi baadaye ana sababu ya kutuma silaha. Wote wawili ni wahafidhina wa dhati.

Dhana ya pili inatuhusu zaidi: kwamba wahafidhina daima ni maadui wa misaada, na kwamba wapinzani wao wa Chama cha Democratic ndio wafadhili wetu. PEPFAR, mpango mkubwa wa kupambana na UKIMWI ulioanza na ahadi ya dola bilioni 15 kwa miaka mitano, ulitangazwa mwaka 2003 na Rais George W. Bush, tena kwa msukumo mkubwa wa Wakristo wahafidhina. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Seneta Jesse Helms wa North Carolina, aliyeipinga misaada ya nje kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya siasa, alikiri hadharani kwamba anaona aibu kwa kufanya machache mno kuhusu UKIMWI. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika, na wapo watu wazima leo waliozaliwa bila VVU kwa sababu mama zao walipata dawa za mpango huo.

Februari 2008 Bush huyo huyo, akiwa Dar es Salaam pamoja na Rais Jakaya Kikwete, alitia saini mkataba wa Changamoto za Milenia, mpango wa misaada ya maendeleo wa Marekani, wenye thamani ya dola milioni 698, uliojenga barabara ya Tanga hadi Horohoro na kulaza waya wa umeme chini ya bahari hadi Unguja. Awamu ya pili ilisimamishwa Machi 2016 kufuatia uchaguzi wa marudio Zanzibar, na wakati huo rais alikuwa Barack Obama wa Democratic.

Dhana nyingine imo vichwani mwa Wamarekani wenyewe. Kura za maoni zimeonyesha mara kwa mara kwamba wananchi wa huko hukadiria misaada ya nje kuwa kama robo ya bajeti ya serikali yao, ilhali kwa miaka mingi imekuwa kama asilimia 1 tu. Mimi nakubaliana na wahafidhina kwamba msaada usio na kipimo wala ukomo humdhoofisha anayeupokea, na kwamba hospitali zetu zinapaswa kutegemea kodi zetu. Lakini hoja hiyo nzuri inaharibiwa na anayeitetea kwa takwimu isiyo ya kweli.

Wapo pia wanaodhani kwamba Republican Bungeni hukubali kila punguzo linaloombwa na rais wao. Julai 2025 walipitisha kweli makato ya takriban dola bilioni 9, sehemu kubwa ikiwa ni misaada ya nje. Hata hivyo, kabla ya kura hiyo, maseneta wa Republican wenyewe walishinikiza punguzo la dola milioni 400 za PEPFAR liondolewe katika muswada, na likaondolewa.