Kumleta mgonjwa nyumbani si kumtupa

Hapa Malindi mtu akitolewa wodini saratani ishaenea, majirani washaanza, "wamechoka naye hao, wamemleta afe tu." Jamani hapana. Kuacha kemo (dawa kali za kuua saratani) isosaidia tena si kuacha matibabu, kuna tiba shufaa, yani maumivu, kichefuchefu, vidonda vya mgongo na pumzi kubana vyote vinashughulikiwa, na mzee yuko kitandani kwake anasikia adhana na wajukuu wake.

Kubwa linalotisha watu ni mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Ati inaua. Ile ya maji ya kunywa, ikianzwa kidogo na kuongezwa taratibu na daktari, haimuui mtu, hupewa kila baada ya masaa manne hata kama hajalia, maana ukingoja maumivu yapande kuyashusha ni kazi. Usingizi wa siku za mwanzo hupungua, ila choo hufunga kwelikweli kwahivyo itisheni na dawa ya choo.

Na kule Boston, utafiti wa 2010 kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu, walioanzishiwa tiba shufaa mapema walipata matibabu makali machache mwishoni, na bado wakaishi kama miezi 11.6, wenzao waliopata matibabu ya kawaida tu 8.9.