Pumzi, asetoni na mafuta: dhana zinazowapoteza wanamazoezi

Dhana: Mafuta hutoka kwa jasho.

Jasho ni maji na chumvi. Watafiti Ruben Meerman na Andrew Brown walipiga hesabu mwaka 2014: kilo 10 za mafuta zikiungua zote, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama kaboni dayoksaidi, na 1.6 huwa maji. Kujifunga nailoni tumboni kunapunguza maji tu, nayo hurudi na chupa ya kwanza. Wala kuhema kwa makusudi ukiwa umekaa hakusaidii, utaambulia kizunguzungu.

Dhana: Kipimo cha asetoni, kile kifaa cha kupuliza pumzi, kikisoma juu, mtu yuko fiti.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, kemikali ambazo mwili huzitumia kama nishati, na mojawapo, asetoasetati, huvunjika yenyewe kuwa asetoni inayotoka kwa pumzi. Mtu mwenye afya anayekula kawaida huwa na asetoni ya takriban sehemu 0.5 hadi 2 kwa milioni kwenye pumzi. Aliyekata wanga kabisa anaweza kufika 40, hata kama hajakimbia hatua moja. Chakula kinaisukuma namba hiyo kuliko mazoezi.

Tena wakati wa mazoezi yenyewe asetoni huwa haipandi sana, kwa kuwa misuli nayo inazitumia ketoni. Hupanda baadaye, kama hujala. Watafiti Courtice na Douglas walilieleza jambo hili mwaka 1936. Aliyezoea mazoezi huweza kusoma chini kuliko anayeanza, maana misuli yake huzichoma ketoni vizuri zaidi.

Ukitaka kulinganisha siku na siku, pima asubuhi kabla ya kula, saa ileile, ukiwa umetulia. Acha hewa ya mwanzo itoke, upulize ya mwisho, iliyotoka ndani kabisa ya mapafu. Vihisio vya bei nafuu huchanganya asetoni na alkoholi, kwa hiyo sanitaiza mkononi au dawa ya kusukutua yenye alkoholi inatosha kuharibu kipimo.

Dhana: Usipohema kwa nguvu, mafuta hayaungui.

Ili kujua kinachoungua, maabara humvalisha mtu barakoa ya kupima pumzi na kugawanya kaboni dayoksaidi inayotoka kwa oksijeni inayotumika. Jibu la 0.7 ni mafuta matupu, 1.0 ni wanga. Kwa wengi mafuta huungua zaidi kwenye juhudi za wastani, kiasi cha asilimia 45 hadi 65 ya uwezo wa juu wa kutumia oksijeni. Ukizidisha, wanga hushika usukani. Chai ya sukari na maandazi kabla ya kipimo hupandisha uwiano huo hata kwa mwanariadha hodari.

Dhana: Harufu ya asetoni mdomoni ni dalili njema.

Kwa mwenye kisukari, harufu hiyo pamoja na kiu kali, kutapika na kupumua kwa kina ni dharura. Apelekwe hospitali mara moja.