Zebra iwekwe hapa? Namna barabara inavyopimwa kabla ya kuchorewa kivuko

Ajali ikitokea, wananchi hudai zebra. Dai ni la haki kabisa, na ofisi za barabara hulipokea mara nyingi. Ila kabla rangi haijamwagwa, mtaalamu hujiuliza maswali mawili: je, anayevuka hapa anapata nafasi ya kutosha kati ya gari na gari? Na dereva anayekuja anaweza kumwona na kusimama kwa wakati? Wingi wa magari, ambao watu wengi hudhani ndio kipimo, unajibu swali la kwanza tu, tena kwa nusu.

Kanuni ya zamani ya kupima jambo hili ilitoka Uingereza na ikasambaa nchi nyingi. Unahesabu watu wanaovuka kwa saa katika kipande cha mita 100, yaani mita 50 kila upande wa mahali panapopendekezwa. Unahesabu pia magari yanayopita kwa saa. Idadi ya magari unaizidisha kwa yenyewe, kisha unaizidisha kwa idadi ya watu. Wastani wa saa nne zenye shughuli nyingi ukifika milioni 100, kivuko kinastahili. Watu 150 na magari 800 wanatoa milioni 96, karibu kabisa na kiwango hicho.

Sasa tuilete kanuni hiyo huku kwetu. Tuchukulie kijiji kilicho kando ya barabara ya Mingoyo hadi Masasi, kusini mwa Tanzania, magari 300 kwa saa. Ili kufikia kiwango, wangehitajika watu zaidi ya 1,100 wavuke kila saa. Shule ya msingi yenye wanafunzi 600, wote wakivuka kwa pamoja, bado ingeambiwa haistahili! Kanuni ile ilitungwa kwa barabara za mjini zenye foleni, ambako shida ni magari kubanana. Shida ya barabara zetu kuu ni mwendo: magari machache, lakini kila moja linakuja kasi. Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1995 na kuanza kuangalia mambo mengi kwa pamoja: nani anavuka, anasubiri muda gani, magari yana mwendo gani, pamewahi kutokea nini. Kwa maoni yangu, mtu anayekataa ombi la kijiji leo kwa hesabu ile peke yake hajafanya kazi yake.

Kuna kasoro nyingine ambayo hesabu haiionyeshi. Asiyethubutu kuvuka hahesabiwi. Bibi aliyeacha kwenda zahanati ng'ambo ya barabara, mtoto anayesubiri kaka yake amshike mkono, hao hawamo kwenye karatasi ya mhesabuji. Barabara ikitisha zaidi, wavukaji wanapungua, na kwenye karatasi panaonekana pana amani. Ndiyo maana pamoja na kuhesabu, lazima kuuliza watu.

Kipimo kinachofaa zaidi barabara zetu ni cha sekunde. Lami ya njia mbili ina upana wa mita kama 7. Mtu mzima mwenye afya anatembea karibu mita 1.2 kwa sekunde, hivyo anavuka kwa sekunde 6. Mtoto mdogo au mzee, kwa mita 0.9, anahitaji karibu sekunde 8. Ongeza mbili za kuangalia pande zote na kuamua, zinakuwa 10. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita zaidi ya mita 220 ndani ya sekunde hizo. Kwa hiyo mtoto anatakiwa aone barabara tupu mita 220 kila upande. Pale Mikindani barabara inapopinda ikifuata ghuba, au penye mteremko na mikorosho iliyoinamia barabara, mita hizo huzipati hata pasipo na gari.

Upande wa dereva hesabu yake ni hii. Kwa kilomita 80, muda wa kushtuka tu unakula mita 33, na breki kwenye lami kavu zinahitaji nyingine 35 hadi 40. Kwa 50, ambayo ndiyo sheria kwenye makazi, jumla ni kama 35 tu. Hizo ni za gari dogo lenye matairi mazuri. Semi iliyojaa saruji au korosho iwekeeni umbali mrefu zaidi, na mvua ikinyesha urefusheni tena.

Hapa ndipo zebra peke yake inapodanganya. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2005 ulilinganisha vivuko 1,000 vilivyochorwa na sehemu 1,000 zisizochorwa, katika miji 30. Barabara za njia mbili, mistari peke yake haikuleta tofauti. Barabara pana zenye njia nyingi na magari zaidi ya 12,000 kwa siku, palipochorwa bila kitu kingine palikuwa na ajali zaidi. Kwa hiyo kwenye barabara kuu tunaanza na mwendo: vibao vya 50, rasta za kumshtua dereva, tuta pana ambalo zebra inachorwa juu yake, na taa kama watu wanavuka usiku. Rangi inakuja mwisho, na inahitaji kurudiwa, maana mchanga wa pwani unaifunika na kuisugua.

Mahali penyewe pawe pale miguu ilipokwisha kuchonga njia. Zebra ikiwekwa mbali na njia hiyo, watu wataitazama tu. Basi lisimame baada ya kivuko, abiria wavukie nyuma yake. Bodaboda inayolipita lori lililosimama kwenye zebra ni hatari ambayo rangi haiipunguzi, tuta husaidia.

Mkitaka ombi lenu lisikike, hesabuni siku ya masomo, siku ya gulio, na Ijumaa watu wakitoka msikitini. Kama barabara yenu ni ya malori ya korosho, rudieni kuanzia Oktoba. Hesabu ya Mei haitasema kweli. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za wilaya na mitaa chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Barua ipitie serikali ya kijiji au mtaa.

Kama mnaweza kupima kitu kimoja tu, tumieni saa ya simu wakati watoto wanatoka shule: ndani ya dakika tano, nafasi ya sekunde 10 inatokea mara ngapi? Miongozo ya Marekani ya taa za vivuko vya shule inasema nafasi zinazotosha zikiwa chache kuliko idadi ya dakika, na watoto wakiwa 20 au zaidi katika saa yao kubwa, pana sababu ya kuingilia kati. Mkipata chini ya tano, uwekeni ukweli huo mstari wa kwanza wa barua.