Daftari la Hajati, na kinachoipa bei saini ya mwanamuziki

Mwezi uliopita Hajati mmoja alikuja kwangu Kampala kutoka Bombo, mkononi ana daftari la shule alilolifunga kwenye kitenge. Lilikuwa daftari la hesabu, jalada limetafunwa na panya kwenye pembe. Akafungua ukurasa wa mwisho, akanionyesha saini ya Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda. "Mwanangu," akaniambia, "wajukuu wanasema hii ni hela. Niambie ukweli."

Kukagua, kununua na kuuza saini za wanamuziki ndiyo kazi yangu, na swali la Hajati naulizwa kila wiki. Karibu kila anayeuliza huanzia kwenye jina. Si ni Lutaaya? Si ni Franco wa Kongo? Jina linafungua mlango, sikatai. Lakini bei inatoka kwingine: mkono ule ulisaini mara ngapi, ulisaini juu ya kitu gani, na nani anaweza kueleza njia iliyopita karatasi tangu siku ile mpaka leo.

Chukua Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani. Umaarufu wake haukufika hata miaka minne, akafariki London tarehe 18 Septemba 1970 akiwa na miaka 27. Mkono uliosaini kwa muda mfupi hivyo hauwezi kuwatosha wote wanaoutafuta leo. Ringo Starr, mpiga ngoma wa bendi ya Beatles ya Uingereza, naye alisaini kwa miongo mingi, hadi alipotangaza mwaka 2008 kwamba barua zote zitakazofika baada ya tarehe 20 Oktoba hatazisaini. Watu husema kifo hupandisha bei. Mimi nasema kifo hufunga bomba tu. Kama mitungi ya watu ilishajaa, bei haiendi mbali. Kama maji yalikuwa yakidondoka tone kwa tone, hapo ndipo wanunuzi hugombana.

Kwetu bomba lilikuwa la matone. Lutaaya aliishi Sweden katika miaka ya 1980. Mwaka 1989 akatangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, wakati ambapo hakuna Mganda mwingine mashuhuri aliyethubutu, akazunguka mashuleni na makanisani akiwaambia watu ukweli huku mwili ukimwishia. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo akafariki. Hesabu miezi hiyo, kisha jiulize ni wangapi walikuwa na ujasiri wa kumsogelea mgonjwa yule na kumpa kalamu. Paul Kafeero, bingwa wa kadongo kamu, muziki wa Kiganda wa gitaa, aliyefariki mwaka 2007, ana uhaba wa namna nyingine. Nyimbo zake zilitembea kwa kaseti, na karatasi ya kaseti ni ndogo kama kiganja. Ilichanika kwenye teksi, ikalowa dukani, ikatupwa. Aliyesainiwa karatasi ile na bado anayo ameshika kitu ambacho mimi binafsi nimekiona mara mbili tu.

Sina budi kusema wazi kwamba saini za wanamuziki wetu hazina nyumba ya mnada inayozipangia bei. Bei hukubaliwa mezani, kati ya watu wawili wanaojua wanachokitazama. Jambo hilo linaniuma, maana visivyo na bei inayojulikana ndivyo vinavyofungiwa karanga.

Jambo la pili ni kitu chenyewe kilichosainiwa. Saini nne za Beatles kwenye kijitabu cha kukusanyia saini ni mali nzuri. Saini hizohizo juu ya jalada la albamu yao ya mwaka 1967, Sgt. Pepper, ziliuzwa Marekani mwaka 2013 kwa dola 290,500, kwa sababu pale saini na kazi vimekutana mahali pamoja. Na maandishi ya kazi yenyewe yanaweza kuipita saini kwa mbali. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen na mtoto wa Unguja aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1946, hakuhitaji kuweka saini kwenye zile karatasi 15 zenye nembo ya shirika la ndege alizoandikia rasimu ya wimbo wake Bohemian Rhapsody. Ziliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, London, Septemba 2023, kwa takriban pauni milioni 1.38. Ukizitazama unamwona mtu akikata maneno na kuandika upya. Mnunuzi alilipia kule kufikiri.

Wengi huniletea saini yenye maneno "Kwa fulani, na upendo" wakisikitika kwamba jina la mtu mwingine limeshusha bei. Kweli, hushusha. Ila mimi nikiiona nafurahi, kwa kuwa mghushi huogopa maneno mengi. Jina moja mtu anaweza kulifanyia mazoezi mwezi mzima likatoka safi. Sentensi nzima humsaliti.

Hapo tumeingia kwenye sehemu inayonikosesha usingizi. Neil Aspinall na Mal Evans, wasaidizi wa Beatles safarini, walisaini mara nyingi kwa niaba ya wanamuziki wale, kwa nia njema kabisa, kwa vile mashabiki walikuwa wengi na muda haukuwepo. Kwa hiyo hata shabiki aliyepokea karatasi kwenye mlango wa ukumbi mwaka 1964, asiyesema uongo hata kidogo, anaweza kuwa na saini ya msaidizi. Halafu kuna mashine ya kusaini. Mwaka 2022 nakala za kitabu cha mwimbaji Bob Dylan ziliuzwa dola 599 kila moja kama zilizosainiwa kwa mkono. Wanunuzi wakalinganisha picha mtandaoni wakakuta saini zinalaliana bila tofauti. Mchapishaji akarudisha fedha, Dylan akaomba radhi. Mkono wa binadamu haurudii mstari uleule mara mbili. Saini mbili zikilingana kabisa, angalau moja si ya mkono.

Vifaa vyangu si vya ajabu. Ninayo lenzi ya kukuza mara kumi: saini iliyochapwa huonyesha vitone, ya biro huacha mfereji mwembamba, na upande wa nyuma kidole husikia mwinuko wake. Ninayo taa ya urujuanimno, ileile wanayomulikia noti kwenye maduka ya kubadilisha fedha. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha na huwaka buluu. Karatasi inayodaiwa kuwa ya mwaka 1935 ikiwaka hivyo, mazungumzo yamekwisha. Kalamu nayo ina umri. Kalamu za maka za ncha laini zilienea miaka ya 1960, kwa hiyo saini ya maka ya Hank Williams, mwimbaji wa Marekani aliyefariki tarehe 1 Januari 1953, irudishe kwa mwenyewe.

Daftari la Hajati nilikaa nalo saa nzima. Ukurasa ulikuwa umekunjwa mara mbili. Pale mkunjo ulipopita kwenye herufi L, mstari wa wino ulikuwa umevunjika pamoja na karatasi. Wino ungekuwa umetiwa baada ya mkunjo, ungezama kwenye ufa na kutambaa kandokando. Nikageuza ukurasa: milinganyo, kwa biro ya buluu inayoruka kila inapopinda kushoto. Saini nayo ilikuwa inaruka palepale, kwenye mpindo uleule. Lutaaya alisaini kwa kalamu ya mwanafunzi aliyekuwa ametoka kufanya hesabu. Nikamwuliza Hajati kalamu ilikuwa ya nani. "Yangu," akasema, "na hakunirudishia. Sikuthubutu kuidai."

Nikamwomba jambo moja kabla ya mengine yote: asiipeleke kutiwa plastiki ya moto. Hapa kwetu vyeti vyote tunavifunga kwa plastiki, nasi tunaona tumevilinda. Miaka mingi nyuma nilimwachia fundi wa duka moja la mjini barua ya mwanamuziki anitolee nakala tu. Niliporudi alikuwa ameshaipitisha kwenye mashine ya plastiki kama fadhila, akitabasamu. Gundi ile ikishayeyuka ndani ya wino haitoki tena, na hakuna mnunuzi makini anayeigusa. Bahasha ya poliesta, plastiki angavu isiyotiwa moto, inatosha, gizani, mbali na ukuta wenye unyevu wa masika na mbali na mchwa. Ukutani kwenye jua wino wa maka hupauka kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi.

Kuhusu bei, nilimwambia ukweli alioutaka: kwa mnunuzi wa Ulaya ni karatasi ya daftari yenye jina asilolijua, kwa sisi wachache tunaojua mwaka 1989 ulikuwaje, ni kitu ambacho sitakiuza kabla ya kumwomba afikirie mara ya pili. Na thamani yake itapungua nusu siku ambayo yeye hatakuwepo kuieleza. Kwa hiyo tuliketi tukaandika: shule gani, darasa gani, nani alikuwa amekaa pembeni yake, Lutaaya alikuwa amevaa nini, sauti yake ilikuwaje alipomwuliza jina. Kurasa mbili na nusu. Mwisho nikampa biro, Hajati akasaini.