Gari lililozama kwenye mafuriko: linunuliwe au liachwe?

Kila masika yanapokwisha, madalali wa Dar es Salaam huanza kupitisha magari ambayo bei yake haiendani na sura yake: namba si za zamani, rangi safi, ndani kunanukia manukato, na mwenye nalo yuko tayari kupunguza zaidi. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na katika majira hayo swali ninaloulizwa zaidi ni kama injini iliyoingia maji inaweza kupona. Inaweza. Katika gari lililozama, injini ndiyo ninayoihofia kidogo kuliko vitu vyote, kwa sababu ni chuma kinachofunguka, kinachosafishika na kinachopimika. Hata pale dereva alipolazimisha kuwasha ndani ya maji, na maji yasiyobanika kama hewa yakapinda konekting rodi (chuma kinachounganisha pistoni na kranki), unaweza kufunga injini nyingine na gharama yake ukaijua kabla kazi haijaanza. Kinachowatesa wanunuzi ni nyaya.

Waya wa gari ni nyuzi nyingi nyembamba za shaba zilizovikwa plastiki. Soketi, yaani kiungo cha kuchomekea nyaya, ikizama, maji hupenya katikati ya nyuzi hizo na kusafiri ndani ya plastiki hadi sehemu ambayo mafuriko yenyewe hayakufika, na huko hayakauki upesi hata gari likianikwa juani milango yote ikiwa wazi. Shaba huanza kuota kutu ya kijani, na umeme unaofika kwenye kompyuta za gari hupungua au hukatika na kurudi. Nikichuna waya wa namna hiyo chini ya zulia la upande wa dereva, mara nyingi nakuta unga wa kijani mahali palipotakiwa kuwa na shaba inayong'aa, na nyuzi zinakatika kwa kuguswa na ukucha. Dalili zake huja baada ya wiki kadhaa au miezi: leo taa ya ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge kwenye breki) inawaka, kesho imezima yenyewe, keshokutwa gia hazibadiliki. Hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo ghali kuliko zote, kwani mteja hulipia muda wa kuitafuta kabla hajalipia kuitengeneza.

Jambo linaloniumiza zaidi ni usalama wa watu. Katika magari mengi, kompyuta ya mifuko ya hewa (airbag) imefungwa chini kabisa, sakafuni, katikati ya viti vya mbele, na soketi zake nyingine za rangi ya njano ziko chini ya viti vyenyewe. Maji ya kufika kifundo cha mguu ndani ya gari yanatosha kuiharibu, na gari likaendelea kutembea vizuri huku mifuko hiyo haitafunguka siku ya ajali.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe maji yalifika wapi. Taasisi ya ukadiriaji wa magari ya Japani, JAAI, huhesabu gari kuwa limezama maji yakishavuka sakafu ya ndani, na vigezo vyake hukata asilimia 30 ya thamani maji yakiishia sakafuni, 40 yakifika juu ya sehemu ya kukalia ya kiti, na 50 yakifika juu ya dashibodi. Mimi ni mkali zaidi: maji yakifika kwenye kiti, nashauri liachwe. Yakiwa ya bahari, liachwe hata kama yaliishia sakafuni, kwa maana chumvi haiachi kula chuma na shaba. Magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme, nayaweka kundi la peke yake. Toyota Aqua ina betri kubwa chini ya kiti cha nyuma na Nissan Note e-Power inayo chini ya viti vya mbele, hivyo maji ambayo gari la kawaida lingeyastahimili tayari yamegusa kitu cha bei kubwa na chenye hatari ya kweli.

Usidhani ni magari ya Jangwani na bonde la Msimbazi, maeneo ya Dar es Salaam yanayofurika, pekee. Mvua ya Aprili 16, 2024 katika Falme za Kiarabu, kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949, ilizamisha magari mengi Dubai, na ndugu zetu wa Kongo na Rwanda wanaoagiza magari ya usukani wa kushoto kutoka soko hilo wana kila sababu ya kukagua kwa makini. Kwa gari la Japani, omba karatasi ya mnada, inayoeleza hali ya gari lilipouzwa mnadani huko, na ulinganishe namba ya chasisi iliyo juu yake na ya gari.

Katika ukaguzi, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Wanaoosha magari husugua sehemu inayoonekana, lakini ile iliyojiviringisha ndani ya nguzo hubaki na mstari wa tope, na mstari huo unakuonyesha kimo cha maji. Tazama pia boliti za viti kwa tochi: kutu juu yake, au alama za spana kwenye gari ambalo viti havikuwa na sababu ya kutolewa, vinatosha kukutia shaka. Zulia jipya ndani ya gari la zamani nalo liulizwe. Kisha gari lipimwe kwa mashine ya kusoma hitilafu, na misimbo inayoanza na herufi U, yaani kompyuta kushindwa kuwasiliana, isifutwe kabla hujaelezwa chanzo chake.

Ninalolikubali ni gari la petroli la kawaida, lililoingiwa na maji yasiyo ya chumvi sakafuni tu, halikuwashwa ndani ya maji, mazulia yakatolewa siku zile zile, na muuzaji anasema hayo bila kufichuliwa. Hata hapo, toa kwenye bei gharama ya nyaya zote za sakafuni, kompyuta ya mifuko ya hewa, beringi za magurudumu, na oili za giaboksi na difu. Historia hiyo iandikwe kwenye mkataba wa mauziano, na uieleze kampuni ya bima kabla ya kukata bima kubwa, kwa kuwa ukiificha, dai lako linaweza kukataliwa.