Je, Wachina wa kale walikuwa na elementi tano?

Wengi tumesikia kwamba Wachina wa kale waliamini kila kitu kimeundwa kwa elementi tano: mti, moto, udongo, metali na maji. Wengine huongeza kwamba hiyo ndiyo mbegu ya jedwali la elementi linalofundishwa shuleni.

Tafsiri ndiyo iliyotupeleka huko. Jina la Kichina ni wuxing, na ukifungua kamusi yoyote ya Kichina utaona kuwa xing ni kwenda, kutembea. Halihusu sana vijenzi, bali mabadiliko yanayofuatana: mti hulisha moto, moto huacha majivu yanayokuwa udongo, udongo hutoa metali. Kwa mpango huohuo zilipangwa majira, pande za dunia, rangi, hata viungo vya mwili. Elementi ya kemia ni jambo jingine: dutu yenye atomu za aina moja, na zinazotambuliwa leo ni 118.

Unaweza kupima mwenyewe kwa kuuliza: je, kitu hiki kinavunjika kuwa vingine? Mchoma mkaa anajua gogo moja hutoa moshi, mvuke na mkaa. Maji hugawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni. Moto si dutu kabisa, ni mmenyuko, yaani badiliko la kikemia.

Kemia halisi ilikuwa kwenye vyungu vya Wachina waliosaka dawa ya kutokufa. Walichoma madini mekundu wakapata zebaki (sumu, kwa bahati mbaya), na yapata karne ya 9 shura (aina ya chumvi), salfa na mkaa vikawapa baruti.