Hilo mnalotaka kujenga si banda la mashua, ni oveni

Juzi tena. Nimekaa zangu barazani nangoja kahawa, anakuja kijana mmoja wa klabu, mstaarabu kabisa, masalkheri fundi, nikamuitikia, akakaa. Halafu ananiambia, "Fundi, tukipata lile banda si mashua zitakaa kavu, hazitaoza tena? Maana kinachoziua ni kushinda majini." Nikamwangalia. Nikanywa kahawa yangu mpaka mwisho ndio nikamjibu, na jibu lenyewe silirudii hapa.

Kwenye mkutano wa kwanza maneno hayo hayo aliyasema mwenyekiti. Wa pili akayasema injinia aliyekuja na mchoro. Wa tatu nimeyasikia kwa mtu ambaye baba yake alikuwa nahodha, na hapo ndipo nilipoona bora niandike, kuongea nimeshaongea mpaka koo limekauka.

Kwa asiye wa huku: klabu yetu ya mashua za mashindano hapa Lamu inataka kipande cha ufuo ijenge stoo, kuta za mawe, paa la mabati, mlango wa chuma, kufuli. Nusu ya mtaa inasema ni maendeleo, nusu inasema ni kunyakua pwani kwa mlango wa nyuma. Wanagombana miezi sasa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza mashua yenyewe inataka nini.

Sasa nisikilizeni. Mashua haiozi kwa maji ya bahari. Inaoza kwa maji ya mvua.

Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu huyo anataka maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyotuama, mahali hapapiti hewa. Chumvi haipendi. Ndiyo maana ukienda pale Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo, ukakuta chombo kizee kimelazwa ufukweni, usianze kuchokonoa chini karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, huko utakuta mbao ngumu bado inakurudishia kisu. Chokonoa juu. Chini ya sitaha ya tezi kule nyuma, kwenye vichwa vya mataruma, yaani mbavu za chombo, kwenye pembe pembe zote ambazo mvua ya masika inaingia na haina pa kutokea. Huko kisu kinazama kama kwenye boga.

Bahari ina balaa yake, sikatai, yule mdudu anayetoboa mbao. Lakini mdudu si kuoza, hayo ni mambo mawili, na dawa yake inajulikana tangu mababu: deheni, yaani shahamu na chokaa, na kukipiga chombo moto wa makuti kila bamvua, yaani maji makuu ya mwezi, maji yakitoka. Yamekwisha hayo, tuendelee.

Kinachonikera mimi ni hili neno "kavu". Watu wanalitamka kama dua. Ikae kavu, ikauke vizuri, iko kavu kabisa fundi. Ubao wa mashua ulipigwa ukiwa na maji yake ndani, ukashushwa baharini ukavimba, mbao zikakumbatiana, ndio ikawa haivuji. Sio misumari inayozuia maji, na pamba inayogongelewa kati ya mbao peke yake haizuii, ni ule uvimbe wa mbao unaoibana pamba. Sasa wewe chukua chombo hicho ukiweke chini ya mabati, kuta pande nne, jua la Januari linapiga juu, upepo wa kaskazi unapuliza nje lakini ndani haufiki. Ile ni oveni, tuiite jina lake. Wiki ya kwanza huoni kitu. Baada ya mwezi mwanga unapita kati ya mbao. Baada ya miezi mitatu unapitisha kidole.

Na hapo ndipo linapokuja kosa ambalo limeshaua mashua nyingi kuliko mwamba. Mwenye chombo anaona mianya, anashtuka, anaita fundi, na fundi akiwa wa njaa hasemi kitu, anafungua mfuko wake anaanza kukalafati. Anagongelea pamba kwenye mwanya mkavu, anaijaza mpaka haingii tena, anapaka puti juu, rangi, mashallah imependeza. Siku ya kushua chombo kinaingia majini na ubao unafanya kazi yake, unavimba, lakini safari hii hauna pa kwenda maana nafasi yake imeshajazwa pamba. Unasukuma. Ubao hauna huruma, utasukuma mpaka kitu kiachie, na kinachoachia ni msumari kutoka kwenye taruma, au taruma lenyewe linapasuka. Unasikia mlio, tak, usiku, watu wamelala.

Niliwahi kuitwa kutazama mashua moja, sisemi ya nani wala ilikaa stoo ya nani, ilikuwa inashinda mashindano kila mwaka. Ilifungiwa ndani ya jengo la mawe msimu mzima kwa mapenzi, wallahi kwa mapenzi, mwenyewe alikuwa anaenda kuifuta vumbi. Ikakalafatiwa kavu. Nilipofika nilihesabu mataruma saba yamepasuka upande mmoja. Mwenyewe ananiuliza eti ni mbao mbovu alizouziwa? Hapana ami, mbao zilikuwa nzuri mno, ndiyo maana zimevunja.

Chombo kilichokauka usikikalafati mara moja. Kimwagie maji ya chumvi kwanza, ndani na nje, asubuhi na jioni, siku kadhaa. Kukiwa na bamvua kiache maji yaingie, kizame kidogo kwenye kina kifupi, kivimbe chenyewe. Kitakachobaki kinavuja baada ya hapo ndicho cha kukalafati. Na nasema maji ya chumvi, sio ya bomba, kuna mtu alinielewa nusu akapeleka mpira wa bomba.

Sasa msije mkasema fundi hataki banda. Nataka! Nataka kivuli. Nguzo za boriti za mikoko, zile zinazokatwa kwa kibali, paa refu la makuti ya viungo, hakuna kuta, upepo unaingia huku unatokea huku, chini mchanga mtupu. Mashua inakaa kivulini haipigwi na jua wala mvua haijai ndani, na unyevu wa mchanga unaisaidia. Mkuku ulale juu ya magogo, sio mawili, mengi, mwanzo mpaka mwisho, na ubavuni magadi ya kuegemezea. Ukikilaza chombo kwenye magogo mawili kinapinda mgongo taratibu, na mgongo ukishapinda hakuna tanga litakalokupeleka joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, tena hata ulishone kwa dhahabu.

Stoo yenye kufuli ni ya matanga. Hapo nakubaliana na klabu moja kwa moja. Siku hizi tanga ni polista, na polista haiozi kama zile nguo za marekani, za pamba, za wazee wetu, lakini jua linaitafuna, unalivuta siku moja linachanika kama gazeti. Kwa hiyo giza, na juu juu kwenye kamba, sio chini, panya wetu mnawajua. Tanga lioshwe chumvi kwa maji baridi kabla ya kukunjwa, maana chumvi inavuta unyevu. Ndio, najua, mbao nakataza maji baridi, tanga nataka maji baridi. Usinitazame hivyo, mbao na nguo si kitu kimoja.

Halafu kuna mchoro wa injinia. Kijana mzuri, kalamu yake safi, nyumba angenijengea. Stoo yake ya matanga ni mita 6 kwa 4. Nikamuuliza, foromali itakaa wapi? Akauliza foromali ni nini. Ni ule mti mrefu unaofungiwa tanga. Foromali ya mashua yetu kubwa ni mita 12. Hata ukiilaza kona kwa kona ndani ya kile chumba unapata mita 7 na kitu, iliyobaki itokee dirishani tuanike nguo. Foromali ikae chini ya paa la makuti, kwenye vigingi vingi vya urefu mmoja, ukiweka viwili inapinda nayo, na ile iliyopinda vibaya unaijua siku ya mashindano wenzako wakikupita huku wanakupungia mkono.

Kuna jingine ambalo kamati haijalifikiria kabisa, kalenda. Wanasema mashua zitakaa ndani "wakati wa kusi" yaani upepo wa kusini, katikati ya mwaka, zitoke kaskazi. Haya, mashindano ya mwaka mpya sawa, ya tamasha la Novemba sawa. Na ya Maulidi? Maulidi inafuata mwezi, kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Mwaka 2019 Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, uliangukia Novemba, 2025 ukaanza mwisho wa Agosti. Nendeni hivyo hivyo mpaka 2031, utakuwa umefika Juni, kusi imechachamaa, na ndio wakati ambao ratiba yenu inasema mashua zote ziko kwenye kufuli. Na mashua haitoki banda leo ikashindana kesho, nimeshaeleza kwa nini. Tena hizi si baiskeli. Kuipandisha moja ni wanaume thelathini, vigogo, na kelele za kutosha kuamsha mji. Mtu anayedhani zitaingizwa kila jioni kama gari kwenye gereji hajawahi kushika kamba.

Nije kwenye ugomvi wa ardhi, ambao mimi si mwanasheria, lakini kusoma nasoma. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa ni ya umma. Kwa hiyo chini huko hakuna wa kumpa mwenzake. Juu nako, kwenye vilima vya mchanga upande wa Shela, ndiko maji ya kunywa ya kisiwa yanakotoka, mvua inachujwa mle, usithubutu kupeleka simenti wala shimo la choo. Unabaki na ukanda mwembamba kati ya hapo na hapo, na ndio huo huo akina mama wanapita, punda wanapita, na wavuvi wanalaza ngalawa zao tangu zamani. Mzee mmoja mvuvi alisimama akasema, "Nyinyi mnajengea mashua za kucheza, sisi mashua za kula zinapigwa na jua." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, ana haki. Paa lisilo na kuta linaweza kuchukua ngalawa yake wiki mbili akitengeneza, stoo yenye kufuli haiwezi, hiyo ndiyo tofauti na haihitaji mikutano minne.

Na ukuta wa mawe ufuoni una tabia yake. Kusi ikileta mawimbi yakagonga ukuta hayapotei, yanarudi na mchanga. Mwaka wa kwanza ukuta uko mchangani, baadaye mchanga umeondoka na msingi uko nje kama meno ya mzee. Nguzo za boriti mawimbi yanapita katikati, na pwani ikihama unazing'oa unasogea.

Hapa sasa niseme na ya kwangu, msidhani fundi hana mashaka. Makuti yanashika moto. Na sisi ndio hao hao tunaopiga vyombo moto chini yake au karibu yake, mwezi mara mbili. Mtu akinikamata hapo sina jibu la kumridhisha, nasema tu moto upigwe mbali, chini kwenye maji yanapokupwa, lakini vijana nawajua, wakichoka hawatasogea mbali. Mabati kwa hilo yananishinda.

Pia zamani nilikuwa nasema kwa kujiamini, mashua ikae juu wiki mbili, tatu, mdudu afe, kisha irudi majini. Siku hizi sisemi hivyo kwa sauti. Mbao tunazouziwa sasa nyingine zimekatwa juzi, mbichi, zinasinyaa kwa namna ambayo mbao za baba yangu hazikusinyaa, na nimeona chombo kipya kikifunguka siku ya nane. Basi sasa natazama kila kimoja kivyake, nagonga, nasikiliza. Na kwenye deheni nimejipinga mwenyewe, kwa mashua za mashindano napaka rangi ya dukani kwa sababu inateleza majini na vijana wanataka mwendo, huku najua deheni ingenipa usingizi zaidi. Niliwahi kupaka upande huu deheni na ule rangi nione, nahodha akanifukuza.

Mkutano ni Alhamisi baada ya Alasiri. Injinia anakuja na mchoro mpya, nasikia ameongeza dirisha. Nimeshawaambia vijana watano tukutane kwangu mapema, tutaibeba ile foromali mabegani mpaka mlangoni pa ukumbi, tuone itaingia vipi.